Nusu ya wimbo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama nusu ya haki za nyimbo zako ni bei nzuri ya kuwapa studio wakurekodi. Hesabu za asilimia mwulize mjomba wako. Mimi swali lako limenirudisha kwa Dolly Parton, mwimbaji wa Marekani, yule tuliyekuwa tukimsikiliza kwenye redio ya babu yako, betri tukizianika juani zipate nguvu.

Alizaliwa mwaka 1946 milimani Tennessee, mtoto wa 4 kati ya 12, na daktari aliyemzalisha mama yake akalipwa gunia la unga wa mahindi. Mwaka 1964, kesho yake baada ya kumaliza sekondari, akaenda Nashville. Akaimba miaka kadhaa kwenye kipindi cha televisheni cha mwimbaji Porter Wagoner, na alipotaka kuondoka akamtungia wimbo wa kumuaga, "I Will Always Love You". Mwaka 1974 ukashika namba 1 kwenye chati za muziki wa country. Elvis Presley, mwimbaji aliyekuwa na jina kubwa, akautaka auimbe. Dolly alikuwa amekwisha furahi, ndipo meneja wa Elvis akamwambia: nusu ya haki, la sivyo Elvis hauimbi. Dolly akakataa. Akalia usiku kucha.

Mimi sikukataa. Ule wimbo wa harusi unaojua, mwalimu wetu wa kwaya alisema ataupeleka Nairobi ukarekodiwe, nami nikampa daftari zima. Baadaye nikaukuta kwenye steji ya mabasi, kwa muuza kaseti. Nikageuza jalada, nikasoma maandishi madogo: mtunzi, yeye. Wewe ulikuwa mgongoni umelala. Nikainunua kwa nauli yetu, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Wimbo ni shamba, nimekwambia tangu ukiwa mdogo. Likodishe, lakini hati usitoe. Mwaka 1992 Whitney Houston aliuimba ule wa Dolly, dunia nzima ikaucheza, na pesa za mtunzi zikaenda kwa mwenye shamba.

Lakini Dolly wakati ule alikuwa na jina. Wewe una gitaa na kodi ya nyumba. Na pengine wimbo wangu ungebaki daftarini hadi panya waule; sasa maharusi wangapi wameingia nao kanisani? Nikiusikia nafurahi, kweli, hadi nikumbuke lile jalada.

Basi, sikwambii utie sahihi wala usitie. Ulimi unaniwasha, ila sikwambii. Njoo Jumapili na huo mkataba tuusome wote, mstari kwa mstari. Kaseti ninayo bado, iko kabatini chini ya mashuka.

Mama yako