Re: Karamu za mabwana wa Ireland zilinunua kura kweli?

Ndugu, umeuliza kama karamu za akina Beresford, familia ya mabwana wa ardhi wa kasri la Curraghmore huko Waterford, Ireland, ndizo zilizowapa ubunge. Kwa maoni yangu karamu ilikuwa pambo tu. Nguvu yenyewe ilikuwa kodi ya shamba. Kabla ya 1872 hakukuwa na kura ya siri. Mpangaji alisimama mbele za watu akamtaja mgombea wake kwa sauti, na wakala wa bwana anasikia. Uchaguzi ulichukua siku kadhaa, kwa hiyo mgombea aligharimia chakula, pombe na malazi ya watu wake mjini. Ukishakula kwake, na mkataba wako anao yeye, utamkataa vipi?

Lakini mwaka 1826 wapangaji walimkataa Beresford! Wapangaji Wakatoliki, wakisimamiwa na mapadri na Chama cha Wakatoliki kilichodai Wakatoliki waruhusiwe kuingia bungeni, walimpa kura Henry Villiers-Stuart wa Dromana, naye Lord George Beresford akajitoa kabla upigaji kura haujaisha. Ona hapo: Villiers-Stuart naye alikuwa Mprotestanti mwenye ardhi, ila aliunga mkono dai hilo. Wale watu walihatarisha kufukuzwa mashambani, na ujasiri huo mimi nauheshimu sana.

Miaka miwili baadaye, jimbo la Clare likamchagua Daniel O'Connell, Mkatoliki na kiongozi wa chama hicho, kwa kura 2,057 dhidi ya 982. Serikali ilikubali Wakatoliki waingie bungeni 1829, ila papo hapo ikapandisha kigezo cha mpiga kura, yaani thamani ya shamba lake kwa mwaka, kutoka shilingi 40 (pauni 2) hadi pauni 10. Wengi wa wakulima walioleta ushindi wakapoteza kura zao.