Barua kwa mwanangu: Sukuma zako zimekuwa chungu kwa sababu ni Julai

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo, na tunakuombea heri katika nyumba yenu mpya hapo Decatur, jimbo la Georgia. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini kolardi ulizochuma bustanini zilikuwa chungu kama shubiri, wakati zile za mama mkwe wako mlizokula Krismasi zilikuwa tamu. Pili, ufanye nini na bamia na kunde ambazo zimekuja zote kwa mpigo. Maswali yote mawili jibu lake ni kalenda. Wapishi wa Kusini mwa Marekani hawaanzi na pishi, wanaanza na kutazama shamba lina nini wiki hii. Mama mkwe wako hakukuzidi viungo, alikuzidi miezi mitano.

Kolardi ni jamii moja na sukuma wiki unayoijua. Jua la Julai huzikomaza mbio, zikawa ngumu na chungu, na hakuna sukari ya kijikoni itakayoziokoa. Jalidi ikishazipiga, yaani umande ukianza kuganda alfajiri, mmea hugeuza wanga wake kuwa sukari ili maji yaliyomo ndani ya majani yasigande upesi. Sehemu zenu za Georgia jalidi ya kwanza kwa kawaida huja karibu na mwanzo au katikati ya Novemba. Kwa hiyo ng'oa hizo ulizonazo, sia mbegu mpya mwanzoni mwa Agosti mahali penye kivuli kidogo, kisha hamisha miche mwishoni mwa mwezi, sentimita 45 kati ya mche na mche. Ifunike kwa wavu mwepesi tangu siku ya kwanza, maana vipepeo weupe wakitaga, viwavi watakula kabla yako. Ukivuna, chuma majani ya chini na uache kilele, mche utakulisha hadi baridi iishe.

Kupika, fuata mpangilio huu, kwa sababu wengi huugeuza. Nyama ya moshi inatangulia, majani yanafuata. Mkipenda kuepuka nguruwe, chukua mabawa mawili au shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi. Hata wenyeji wengi wa Kusini siku hizi wanatumia hiyo. Ichemshe peke yake kwenye lita 2.5 za maji, pamoja na kitunguu kikubwa kimoja, punje nne za kitunguu saumu na pilipili moja kavu, kwa saa moja hadi saa moja na nusu, mpaka nyama iachie mfupa. Ukiitia pamoja na majani, majani yatavurugika nyama ikiwa bado ngumu. Wakati huo osha kilo moja na nusu ya kolardi kwenye beseni lililojaa maji, mara tatu, ukiyatoa majani kwa juu badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini. Ondoa uti wa katikati, viringisha majani kadhaa pamoja, kata vipande vya sentimita mbili hadi tatu. Tia kwa mafungu, kila fungu likinywea ongeza jingine, funika nusu, acha yachemke taratibu dakika 45 hadi 60. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu nyama ya moshi imekuja na ya kwake na mchuzi unapungua jikoni. Siki vijiko viwili vya chakula, nayo mwishoni. Ukiitia mapema majani yatachelewa kulainika. Ule mchuzi usithubutu kuumwaga. Unapakuliwa kwenye bakuli na kuchovywa mkate wa mahindi, na kwa maoni yangu ndio chakula chenyewe, majani ni kisingizio.

Sasa turudi Julai, ambayo ni zamu ya kunde na bamia. Zote mbili asili yake ni Afrika na zilivuka bahari katika zama za utumwa, ndiyo maana zinastahimili joto linaloangusha maua ya nyanya. Usiwe na hofu nazo, unazijua kuliko unavyodhani.

Umesema kunde zako zinageuka uji. Sababu ni mbili: umechanganya zilizokomaa na changa, na umechemsha kwa moto mkali. Zile ulizopanda, ambazo ganda lake hugeuka zambarau, huchumwa ganda likiwa zambarau lakini bado linapinda bila kuvunjika. Likiwa limekauka na linalia mkononi, hizo ziache zikauke kabisa kwa ajili ya Mwaka Mpya, siku ambayo wenyeji hula kunde. Zile ambazo mbegu hazijajaa, usizimenye. Katakata ganda na vyote vipande vya sentimita tatu, zitie sufuriani pamoja na zilizomenywa. Wenyeji hufanya hivyo na ladha yake ni nzuri mno. Kwa nusu kilo ya kunde mbichi zilizomenywa, weka maji yazifunike na kuzidi kwa vidole viwili, kitunguu nusu, na ama kipande cha nyama ya moshi au vijiko viwili vya mafuta. Zikianza kuchemka toa povu, punguza moto mpaka maji yatikisike tu, uhesabu dakika 30 hadi 40. Moto mkali hupasua ngozi, wanga unamwagika, ndio huo uji wako. Dakika kumi kabla ya kuepua, panga bamia ndogo nzima juu ya kunde, bila kuzikata wala kukoroga, ufunike. Zitaiva kwa mvuke na hazitatoa utelezi.

(Na majani ya kunde? Huko kwenu si desturi kuyala, kwa hiyo hakuna atakayekugombania. Chuma machanga kabla mmea haujatoa maua, ila usiuvue nguo zote, la sivyo hutapata mbegu. Mbolea ya naitrojeni nayo usiitie: utapata majani kibao na kunde za kuhesabu.)

Bamia zinataka ufike shambani kila siku ya pili, ukikosa zinakukomoa. Kata zikiwa sentimita saba hadi kumi. Ukiacha moja ikomae mtini, mmea unaona umemaliza kazi na kupunguza kuzaa. Kipimo ni kisu: kikikwama kwenye ncha, hiyo ni kuni. Vaa mikono mirefu, vinyweleo vyake vinawasha. Kuhusu utelezi, adui ni maji. Osha zikiwa nzima, zikaushe kwa kitambaa kabisa, ndipo ukate vipande vya sentimita moja. Za kukaanga zipitishe kwenye mtindi mwepesi, kisha kwenye kikombe cha unga wa mahindi uliochanganywa na robo kikombe cha unga wa ngano, chumvi na pilipili manga. Mafuta yawe nyuzi 180 za Selsiasi, na usijaze kikaango. Ukijaza, mafuta yanapoa, unga unabanduka na utatoa kitu kilicholowa.

Zitakazobaki, zigandishe au zitie siki. Za friza zichovye nzima kwenye maji yanayochemka, dakika tatu kwa ndogo na nne kwa kubwa, kisha kwenye maji ya barafu muda uleule, zikauke, ndipo uzifunge. Kunde zilizomenywa zinatosha dakika mbili. Ukiruka hatua hiyo, vimeng'enya vinaendelea na kazi ndani ya friza na Desemba utakuta ladha ya nyasi. Za siki: kwa kilo moja na nusu ya bamia ndogo, chemsha vikombe vitatu vya siki ya asilimia 5, vikombe vitatu vya maji na theluthi moja ya kikombe ya chumvi isiyo na madini joto (iodini). Pakia bamia zimesimama kwenye chupa nne za painti (karibu nusu lita kila moja), kila moja na punje ya kitunguu saumu na pilipili ndogo, mimina siki ya moto ukiacha nafasi ya sentimita moja na robo juu, funga, chemsha chupa zikiwa zimezama kabisa majini. Vitabu vingi vitakuambia dakika kumi; ninyi mko juu kidogo ya futi 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ziwe 15. Kunde usizitie kwenye chupa kwa njia hii hata siku moja. Hazina asidi, na bakteria wa botulizimu hukua humo na kutoa sumu bila harufu wala dalili. Zinahitaji mtungi maalumu wa shinikizo wa kuhifadhia chakula, na ile sufuria yako ya presha ya maharage haitoshi.

Mkate wa mahindi ni mwepesi. Vikombe viwili vya unga wa mahindi mweupe usiokobolewa sana (soma pakiti, usichukue ule uliotiwa chokaa wa chapati za Kimeksiko), kijiko cha chai cha chumvi, viwili vya beking pauda, nusu ya beking soda, mayai mawili, kikombe kimoja na nusu cha mtindi mwepesi. Sukari tusigombane, ila kwenye meza ya wakwe zako usiitie kabla hujauliza. Siri iko kwenye kikaango cha chuma kizito cha inchi kumi: kiweke ndani ya oveni ya nyuzi 220 na vijiko vitatu vya mafuta mpaka kiwe moto kweli, kisha mimina rojo, lazima isikike ikichachatika. Kikiwa baridi, mkate utashika chini na hautapata ukoko. Dakika 20 hadi 25.

Viazi vitamu ving'oe kabla ya jalidi, uviweke siku saba hadi kumi mahali penye joto la nyuzi 29 na unyevu, ndipo uvihifadhi kwenye ubaridi wa nyuzi 13 hadi 15. Visiingie kwenye jokofu, vitakuwa na kiini kigumu kisichoiva.

Na zile kunde kavu, ziloweke usiku wa Desemba 31. Kikombe kimoja cha kunde, zikishaiva chuja mchuzi na upime vikombe vitatu. Humo pika kikombe kimoja na nusu cha mchele wa punje ndefu pamoja na kunde zenyewe. Asiyepima mchuzi hula bokoboko. Kando weka kolardi zako, wakati huo zitakuwa zimeshapigwa baridi.

Kabla hujanunua mbegu za Agosti, niambie ile sehemu ya nyuma ya gereji inapata saa ngapi za jua kwa siku. Zikipungua sita, tutafute pengine.

Wasalimie wakwe.

Mama