Kukompaili PostgreSQL 17 kwenye OpenBSD: kazi kubwa inaanza baada ya kompaila kumaliza

Kama unachotaka ni PostgreSQL (seva ya hifadhidata) inayofanya kazi kwenye mfumo wa OpenBSD, toleo lolote, andika `pkg_add postgresql-server` na usihangaike zaidi. Kifurushi hicho kinatunzwa vizuri. Kukompaili mwenyewe, yaani kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake, kuna maana pale unapolazimika kuwa na toleo ambalo OpenBSD yako haina, kwa sababu kifurushi hicho huwa na toleo kuu moja tu kwa kila toleo la mfumo, au pale unapotaka kuingiza kiraka chako kwenye msimbo.

Anza na vifurushi vitatu:

`pkg_add gmake bison icu4c`

Kompaila ya clang, Perl, flex, zlib na LibreSSL tayari zimo kwenye mfumo wenyewe. Make ya BSD haisomi Makefile za PostgreSQL, kwa hiyo popote maelekezo ya Linux yanaposema `make`, wewe andika `gmake`. Bison, zana ya kuzalisha msimbo wa kuchambua sarufi, nayo usiiruke: hadi toleo la 16 mafaili ambayo Bison na flex huzalisha yalikuja tayari ndani ya kifurushi cha msimbo, lakini kuanzia 17 unayazalisha mwenyewe, na yacc ya OpenBSD haitoshi. Bila Bison, configure itagoma.

Pakua faili la .tar.gz, si la .bz2, ambalo litakudai kifurushi kingine cha kulifungulia. Lifungulie chini ya /home, maana /tmp kwenye mgawanyo wa kawaida wa diski za OpenBSD inaweza kukujaa katikati ya kazi. Kisha:

`./configure --prefix=/usr/local/pgsql17 --with-openssl --with-includes=/usr/local/include --with-libraries=/usr/local/lib`

Hizo mbili za mwisho ziongeze kwa sababu clang ya OpenBSD haitafuti yenyewe ndani ya /usr/local, na ndiko pkg_add inakoweka kila kitu. Ukiletewa ujumbe wa "ICU library not found", hakikisha icu4c (maktaba ya ICU ya kushughulikia lugha) imeingia. Usikimbilie `--without-icu`, ingawa itakuvusha haraka. OpenBSD haina upangaji wa maneno kwa lugha: nje ya ICU, herufi hupangwa kwa thamani ya baiti, na "Zanzibar" itatangulia "arusha" kwa sababu tu Z ni kubwa. Kwenye orodha ya wateja au wanafunzi hilo ni kosa ambalo mtumiaji ataliona siku ya kwanza.

Kukompaili kwenyewe hakuna la ajabu: `gmake -j4 world-bin`, halafu kama root `gmake install-world-bin`. Hiyo world-bin inajumuisha viendelezi vya contrib na kuacha nyaraka, ambazo zingekudai zana nyingine nyingi.

Sasa semafora, yaani vihesabio vya kerneli ambavyo michakato hutumia kusubiriana. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na wengine hawajui kabisa kwamba wamekwama. PostgreSQL kwenye OpenBSD hutumia semafora za System V: moja kwa kila muunganisho, pamoja na za michakato ya nyuma. Huziomba kwa seti za 16, na kila seti huongezewa moja ya alama, hivyo 17. Kwa miunganisho 100 unahitaji zaidi ya 130. Kwa mpangilio wa awali, kerneli ya OpenBSD inaruhusu 60 tu.

Kikomo kikizidiwa, seva hukataa kuwaka na kuandika "could not create semaphores: No space left on device". Diski haihusiki hata kidogo. Usianze kufuta mafaili. Tazama `sysctl kern.seminfo`.

Kibaya zaidi ni pale ambapo hakuna kosa linaloonekana. Initdb, amri inayoandaa saraka ya data, hujaribu miunganisho 100, ikishindwa 50, kisha 40, 30, 20, na hukaa kwenye idadi ya kwanza inayokubalika. Utamaliza salama ukiwa na `max_connections = 20`, na programu yako itaanza kukataliwa siku wateja watakapoongezeka. Kupandisha kikomo cha kerneli baadaye hakurekebishi kitu, maana ile 20 imeshaandikwa kwenye postgresql.conf. Kwa hiyo weka haya kwenye /etc/sysctl.conf KABLA ya initdb:

`kern.seminfo.semmni=60`
`kern.seminfo.semmns=1024`

Uyatekeleze papo hapo pia kwa amri ya sysctl. Kuwasha upya mashine si lazima.

Mipaka ya mtumiaji inafuata. PostgreSQL haikubali kuendeshwa na root, na mtumiaji wa kawaida ana mafaili machache ya kufungua. Ongeza daraja hili (kundi la mipaka) kwenye /etc/login.conf:

`postgresql:\`
`	:openfiles=768:\`
`	:tc=daemon:`

Kama /etc/login.conf.db ipo, endesha `cap_mkdb /etc/login.conf`, la sivyo mabadiliko hayatasomwa. Halafu:

`useradd -m -d /var/postgresql -L postgresql -s /bin/ksh _postgresql`

Ingia kwa `su - _postgresql`. Kistari hicho kina kazi, usikisahau: bila hicho huingii kama login kamili ya mtumiaji huyo.

`/usr/local/pgsql17/bin/initdb -D /var/postgresql/data -U postgres -A scram-sha-256 -E UTF8 --locale-provider=icu --icu-locale=sw -W`

Soma mstari wa "selecting default max_connections". Ukiona 100, semafora zimekubali.

Ukitaka kuendesha majaribio, na ni vema, tumia mtumiaji asiye root mwenye haki ya kuandika kwenye saraka ya msimbo: `gmake check MAX_CONNECTIONS=10`. Bila kupunguza, majaribio mengi hukimbia kwa pamoja, na kikomo cha michakato kinaweza kuleta "could not fork", ambayo haina maana kwamba umekompaili vibaya.

Skripti ya kuwasha iite /etc/rc.d/postgresql, jina lilelile la daraja la login.conf, kwa sababu rc.d huchukua mipaka ya daraja lenye jina la skripti. Kwa kuzima tumia `pg_ctl stop -m fast`. Usitumie `kill -9` kamwe: seti za semafora hubaki kwenye kerneli bila mwenyewe, na zinaweza kukurudisha kwenye ule ujumbe wa "No space left". Zilizobaki utaziona kwa `ipcs -s`, na baada ya kuhakikisha hakuna mchakato wa postgres ulio hai, uziondoe moja moja kwa `ipcrm -s`.