"Kwani walirithi nini?" Kuhusu Escobar, Meksiko na hoja ya kukata kichwa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu kokeini ya Kolombia. Hoja yangu ni kwamba biashara ingekufa pamoja na Pablo Escobar, bosi wa genge la kokeini la Medellín, mwaka 1993 kama serikali ingewakamata warithi wake mapema. Msimamizi ameirudisha sura nzima, pembeni kaandika maneno matatu tu: "Kwani walirithi nini?" Sijaelewa anachotaka. Halafu nisaidie na hili: kwa nini baada ya kifo chake mzigo ulihamia Meksiko?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amegusa penyewe. Haipiti wiki bila mtu kuniletea hoja hii ya nyoka na kichwa chake: mkamateni papa, unga utakwisha. Wanaoieneza zaidi ni wasimulizi wa mitandaoni wanaohesabu wanyama wa kufugwa, magari na majumba ya Escobar kwa saa mbili bila kutaja hata mara moja bei ya kilo, njia ya mzigo, wala jina la aliyenunua. Wanafunzi wanawasikiliza, kisha wanakuja kuandika tasnifu.

Mtazame Escobar wa siku ya mwisho. Aliyepigwa risasi juu ya paa la vigae katika mtaa wa Los Olivos, Medellín, tarehe 2 Desemba 1993, alikuwa na mlinzi mmoja tu, na alipatikana kwa sababu alikaa mno kwenye simu akizungumza na mwanawe. Tangu atoroke gereza la La Catedral Julai 1992 alikuwa akihamahama nyumba kwa nyumba. Tena kabla ya kutoroka alikuwa amewaua Gerardo Moncada na Fernando Galeano, washirika waliomwendeshea biashara alipokuwa ndani, akiwatuhumu kwamba wamemficha fedha. Kwa hiyo mwaka ule na nusu wa mwisho aliutumia kukimbia, na kokeini ikaendelea kuingia Marekani kama kawaida, sehemu kubwa ikiwa ni ya genge pinzani la mji wa Cali. Serikali ilimuua adui yake. Biashara ilikuwa imeshamwacha nyuma.

Nasema adui kwa makusudi, kwa sababu sitaki uondoke ukidhani kifo chake hakikuwa na maana. Novemba 1989 bomu la genge lake lililipua ndege ya abiria ya shirika la Avianca ikiwa angani, wakafa watu 110. Mwaka 1991 peke yake Medellín ilihesabu mauaji zaidi ya 6,000. Kumwondoa mtu aliyepigana na dola kwa mabomu kulikuwa na sababu ya kutosha. Ila hiyo ni hoja ya usalama wa dola, na takwimu zake ni za mauaji na mabomu. Wewe umeichukua ukaifanya hoja ya kokeini. Hapo ndipo sura yako ilipovunjika.

Sasa turudi pembeni mwa ukurasa wako. Walirithi nini?

Machi 1984 polisi wa Kolombia walitua msituni karibu na mto Yarí, mahali palipoitwa Tranquilandia. Maofisa wa Marekani walikuwa wameficha vifaa vya redio ndani ya mapipa ya etha, kemikali iliyohitajika viwandani humo, wakayafuatilia mpaka porini. Walichokikuta kilikuwa kama mji mdogo: viwanja vya ndege, majenereta, mabweni ya wafanyakazi, na kokeini karibu tani 14. Yote ikateketezwa. Kama kuna pigo lililostahili kuitwa la kichwa, ni lile. Na bado bei ya jumla ya kokeini nchini Marekani iliendelea kuporomoka muongo ule wote. Bei inaposhuka huku mahitaji yapo, maana yake mzigo ni mwingi. Etha ilinunuliwa kwingine, mafundi wakapata kazi kwingine, na rubani aliyejua kuruka chini ya rada hakusahau kazi yake kwa sababu kiwanda kimoja kimeungua.

Hicho ndicho walichorithi: ujuzi, njia, ofisa anayepokea bahasha, na mnunuzi anayesubiri upande wa pili. Cheo cha Escobar hakikuwa na mrithi kwa sababu hakikuhitajika. Tena majani mengi ya koka, mmea unaotoa kokeini, wakati ule hayakulimwa Kolombia, yalilimwa Peru. Ukitaka kupima uzito wa ile risasi ya 1993 katika biashara yenyewe, linganisha na hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023: takriban hekta 253,000 za koka ndani ya Kolombia peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo usiliache. Waliosaidia kumsaka ni akina nani? Kundi la Los Pepes, lililomwinda Escobar, lilipata fedha kutoka Cali, na ndani yake walikuwemo ndugu wa Castaño pamoja na Diego Murillo, maarufu kama Don Berna. Escobar alipokufa, Don Berna ndiye aliyeyashika magenge ya Medellín. Carlos Castaño, kuanzia 1997, akauongoza muungano wa wanamgambo wa AUC, ambao fedha zake nyingi zilitoka kwenye kokeini hiyohiyo. Kwa hiyo wengine kati ya hao unaowaita warithi walikuwa upande wa wawindaji. Ungewakamataje mapema, na wakati huo wanahesabiwa kuwa msaada?

Swali lako la Meksiko lina kosa la tarehe. Mzigo haukusubiri Escobar afe. Mwaka 1982 serikali ya Rais Reagan wa Marekani iliunda kikosi maalumu cha kusini mwa Florida, na kadiri njia ya Karibiani ilivyobanwa, ndivyo Wakolombia walivyozidi kuwatumia Wameksiko ambao tayari walikuwa wakivusha bangi na heroini. Miguel Ángel Félix Gallardo, bosi wa magendo wa Guadalajara, Meksiko, alikuwa kwenye kazi hiyo miaka mingi kabla ya 1993.

Na sehemu ambayo ningependa uipe kurasa nyingi ni malipo. Mwanzoni Mmeksiko alikuwa mchukuzi: analipwa taslimu kwa kila kilo aliyoivusha, basi. Baadaye akaanza kulipwa kwa mzigo wenyewe, ikafika mahali anabaki hata na nusu. Kilo zikishakuwa zake, lazima awe na ghala lake ng'ambo, wauzaji wake, wadeni wake na wa kuwadai madeni. Akishakuwa na hao wote, kilichobaki kwa Mkolombia ni kumuuzia kwa jumla. Hakuna risasi iliyopigwa katika badiliko hilo, ndiyo maana wasimulizi hawalijui. Mwaka 1995 ndugu wa Rodríguez Orejuela, wakuu wa genge la Cali, walipokamatwa, mteja wao mkubwa, Amado Carrillo Fuentes wa Juárez, Meksiko, alikuwa na ndege zake.

Félix Gallardo mwenyewe alikamatwa Aprili 1989. Mtandao wake uligawanyika, Tijuana ikawa na wenyewe, Juárez na wenyewe, Sinaloa na wenyewe, na baada ya muda wakaanza kuuana. Desemba 2006 Rais Felipe Calderón wa Meksiko akaingiza jeshi mitaani, wakubwa wakadondoshwa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyedondoka akaacha makundi mawili au matatu yakigombania mji uleule. Julai 2024 Ismael Zambada, mkuu wa Sinaloa, alikamatwa Marekani baada ya kukwepa mkono wa sheria kwa miongo kadhaa. Kufika Septemba wafuasi wake na wana wa Joaquín Guzmán, mshirika wake wa zamani, walikuwa wakipigana Culiacán, mji mkuu wa jimbo la Sinaloa, shule zikafungwa.

Hili linaniuma kwa sababu hoja ya kichwa haibaki kwenye tasnifu. Mwanasiasa anaichukua, anaipa muda, anaomba kura. Mwaka 2016 Rodrigo Duterte, akigombea urais, aliwaahidi Wafilipino kwamba angemaliza tatizo ndani ya miezi mitatu hadi sita. Septemba mwaka huohuo akaomba miezi sita mingine. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, zaidi ya watu 6,000 waliuawa katika operesheni za polisi hadi anaondoka madarakani, wengi wao maskini wa mitaa ya mabanda. Yeyote atakayekuambia ana dawa ya miezi sita, muulize bei ya mtaani ilikuwa kiasi gani siku ya kwanza na itakuwa kiasi gani siku ya mwisho. Wengi hawajawahi kulifikiria swali hilo, na wanaobeba gharama ya kutolifikiria ni watoto wa watu.

Kwa tasnifu yako: futa neno "warithi" kwenye kichwa cha sura. Anza na 1982, si 1993. Weka mfululizo wa bei ya jumla upande mmoja na tarehe za kukamatwa wakubwa upande wa pili, kisha mpelekee msimamizi jedwali hilo kabla hujaandika aya yoyote mpya.