Je, vinasaba kwenye kisu vinatosha kumbambikia mtu mauaji?

SWALI: Ninaandika riwaya ya kusisimua kuhusu mhasibu anayebambikiwa mauaji. Adui yake anaacha mahali pa tukio kisu chenye vinasaba (DNA) vya mhasibu huyo, daktari anatamka kwamba marehemu alifariki saa 3:15 usiku, na polisi wanaanza kumsaka. Matokeo ya maabara yatoke baada ya muda gani ili kasi ya hadithi isipungue?

JIBU: Sampuli inayopewa kipaumbele huweza kukamilika kwa siku moja au mbili, na ile inayowekwa kwenye foleni huweza kusubiri miezi, chagua muda unaoifaa hadithi yako. Hiyo saa 3:15 ifute, kwa sababu hata mbinu nzuri za kukadiria muda wa kifo kwa joto la mwili huacha nafasi ya kosa la takribani saa tatu mbele au nyuma, na daktari makini hawezi kutaja dakika.

Jambo linalonikera, na ambalo nakutana nalo karibu katika kila mswada ninaoombwa kuupitia, ni imani kwamba vinasaba vikishaonekana kwenye kisu basi muuaji amepatikana. Maabara hujibu swali la chembe hizi huenda zimetoka kwa nani. Kwa kawaida haiwezi kusema zilifika pale lini, kwa njia gani, au mwenyewe alikuwa akifanya nini. Chembe za ngozi huhama kutoka mkononi hadi kitasani, na kutoka kitasani hadi kwenye mkono wa mtu mwingine, bila wahusika hao wawili kuonana kamwe.

Mwaka 2012, huko California, vinasaba vya mtu fulani vilikutwa kwenye kucha za mwanamume aliyeuawa nyumbani kwake. Mtu huyo alikaa rumande miezi kadhaa, hadi ilipobainika kwamba usiku wa mauaji alikuwa amelazwa hospitalini kwa ulevi, na kwamba wahudumu wa gari la wagonjwa waliompeleka huko ndio walewale waliofika kwa marehemu saa chache baadaye. Hapakuwa na adui wala njama ya kumbambikia. Nchini Ujerumani, polisi walimsaka kwa miaka mingi mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana katika matukio mengi yasiyofanana, yakiwemo mauaji, mpaka mwaka 2009 ilipothibitika kwamba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli.

Kwa hiyo mhasibu wako hahitaji kukimbia juu ya mapaa ili ajiokoe. Anahitaji wakili atakayemuuliza mtaalamu swali ambalo mpelelezi hakuliuliza: chembe hizi zingeweza kufika hapa kwa njia gani nyingine? Ukiwaweka wawili hao katika chumba kimoja na kuacha saa ziyoyome, utapata mvutano mkubwa kuliko wa mbio za magari.

Wapo wanaouza kanuni za kuandika riwaya ya namna hii kwa wiki moja, nao huwafundisha waandishi chipukizi kuitumia maabara kama mashine ya kutoa majina ya wahalifu. Nawasihi msiwafuate. Msomaji aliyezoeshwa kwamba chembe moja humaliza kesi anaweza kesho kuwa mmoja wa watakaoamua hatima ya mshtakiwa wa kweli, au jirani atakayemhukumu mtu kabla kesi haijasikilizwa. Ikumbukwe pia kwamba mbinu ya kumtambua mtu kwa vinasaba, iliyobuniwa na mwanasayansi Mwingereza Alec Jeffreys mwaka 1984, ilipotumika kwa mara ya kwanza katika upelelezi wa mauaji huko Uingereza, ilianza kwa kumwondolea tuhuma kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri kosa ambalo hakulitenda. Ilifanya hivyo kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekubali kuuliza zaidi hata baada ya kukiri huko.