Uliza Fundi: Plasta kwenye runinga ya nini?

*Shikamoo Fundi. Tuna runinga ya kisasa, zile za kuunganishwa na waifai. Mume wangu alitazama vipindi vya ugonjwa wa figo kutoka kwenye flashi, mtandaoni hakutafuta chochote. Baada ya siku chache simu yangu ikaanza kujaa matangazo ya dawa za figo. Sasa amebandika plasta kwenye fremu ya runinga, anasema kuna kamera. Je, inasaidia? Na tukitaka kutazama filamu zetu bila kuchunguzwa tufanyeje? Kabatini kuna kompyuta mpakato ya zamani. – Mama Pacha*

Marahaba, Mama Pacha. Mwambie baba watoto aibandue, ataambulia gundi tu. Runinga nyingi za sebuleni hazina kamera. Maikrofoni zipo, na mara nyingi hukaa kwenye rimoti. Mwaka 2015 Samsung ilizua kelele pale watu waliposoma sera yake ya faragha na kukuta inawatahadharisha kuwa maneno yao yanaweza kunaswa na kupelekwa kwa kampuni nyingine, iwapo wamewasha huduma ya kuamrisha runinga kwa sauti. Lakini hofu yangu kubwa haiko kwenye kamera wala maikrofoni. Sura yako haina soko kubwa; kinachouzika ni orodha ya unavyovitazama.

Orodha hiyo huandikwa na programu iliyomo ndani ya runinga, wenyewe huiita ACR. Hunasa vipande vya picha au sauti inayopita kwenye kioo, ikavigeuza kuwa alama fupi, mithili ya alama za vidole, kisha ikazituma kwa seva za kampuni. Huko zinalinganishwa na hazina ya vipindi na filamu zinazojulikana. Zikioana, imeshajulikana umetazama nini, saa ngapi, na umekomea wapi. Mara nyingi haijali kama picha imetoka kwenye antena au kwenye kifaa cha nje. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa University College London, walipima mawasiliano ya runinga za Samsung na LG wakakuta alama zinatumwa hata pale runinga inapokuwa kioo tu cha kompyuta iliyochomekwa kwa HDMI, ule waya wa kupitisha picha na sauti. Ya LG ilituma kila sekunde 15, ya Samsung kila dakika. Kwa hiyo yule jirani anayejisifu kuwa "mimi natumia kisanduku changu cha pembeni" huku runinga yenyewe bado iko kwenye waifai, hajajificha popote.

Tuje kwenye figo. Siwezi kukuapia kwamba matangazo yale yametoka kwenye runinga. Naweza kukueleza njia ambayo yangepitia. Kama vipindi vile viliwahi kurushwa hewani, vinaweza kutambulika hata vikiwa kwenye flashi. Video ya harusi ya binamu yako haina wa kufananishwa naye. Majina ya mafaili nayo si salama: mwaka 2013 mmiliki mmoja wa runinga ya LG nchini Uingereza aligundua kuwa inatuma kwa kampuni majina ya mafaili yaliyo kwenye flashi yake, na LG ikalazimika kutoa sasisho. Halafu runinga na simu zinazotumia waifai moja huonekana huko nje kwa anwani moja ya intaneti, na wauza matangazo huitumia kukisia kuwa ni nyumba moja. Mume atazame, mke aletewe tangazo. Si lazima pawe na uchawi.

Fedha iliyomo humo si ndogo. Vizio, kampuni ya runinga ya Marekani, ilikubali mwaka 2017 kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kuwa imekusanya habari za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila wenyewe kuridhia. Walmart, kampuni ya maduka makubwa, ilipoinunua Vizio mwaka 2024 kwa dola bilioni 2.3, ilisema wazi kuwa inataka kukuza biashara yake ya matangazo.

Sasa kazi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha au masharti ya matumizi. Kwenye LG zima "Live Plus", kwenye Samsung "Viewing Information Services". Watafiti wale waliona alama zikikoma baada ya kuzima. Hata hivyo mimi si mtu wa kuamini swichi iliyotengenezwa na yule yule anayefaidika ikiwa imewashwa, hasa kwa kuwa sasisho moja la usiku linaweza kubadilisha menyu nzima. Ushauri wangu ni kuitoa runinga kwenye intaneti kabisa. Iamuru isahau waifai, chomoa waya wa mtandao kama upo. Ikiendelea kujiunganisha, badilisha nywila ya ruta. Ibaki kioo, na akili iwe kwenye kifaa ulichokichagua mwenyewe.

Kifaa hicho unacho kabatini. Unganisha kompyuta kwa waya wa HDMI, tafuta kibodi ndogo isiyo na waya, weka programu iitwayo Kodi. Ilianza mwaka 2002 kama programu ya kuchezea video kwenye Xbox, haidai akaunti, na filamu zako utazikuta zimepangwa vizuri pamoja na picha za majalada. Kama pacha wanataka kutazama chumbani kwa simu, weka Jellyfin: kompyuta inageuka seva ya nyumba na orodha ya mlivyotazama inabaki humo humo. Plex, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni rahisi zaidi kuiweka, ila inataka ufungue akaunti kwa kampuni yake, na hapo tumerudi kulekule. Jellyfin itumike ndani ya nyumba tu, usiifungulie mlango wa intaneti. Kompyuta ikiwa ya zamani sana italemewa na video zilizobanwa kwa mtindo mpya wa H.265, feni italia na picha itakatakata. Tafuta nakala za mtindo wa zamani, H.264.

Usidanganyike pia: Netflix itajua unachotazama kwenye Netflix hata ukiifungua kwa kompyuta, na kwenye kivinjari mara nyingi picha haifiki 4K. Kinachoondoka ni jicho la pili tu, lile la runinga.

*Fundi, mambo? Kuna kisanduku cha Android kinaahidi chaneli zote bure maisha yote. Nikichukue nitupe intaneti ya runinga? – Kijana wa Rimoti*

Poa, kijana, ila hapana. Utakuwa umemfukuza mpelelezi ukamkaribisha mwizi. Juni 2025 FBI ilitoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, visanduku vya namna hiyo vikiwemo. Vingine huwa na kirusi kabla hata hujafungua boksi. Kikishaingia kwako, wahalifu hupitisha shughuli zao kwenye intaneti yako, na anayeonekana mhusika ni wewe. Kikikuambia uzime Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hatari, ndipo kifanye kazi, kirudishe. Kukirejesha kwenye hali ya kiwandani hakusaidii, maana kirusi kinaweza kuwa kimekaa kwenye mfumo wenyewe.

*Je, nikiweka Pi-hole naweza kuiacha runinga kwenye waifai? – Mpenda Mpira*

Iweke, itapunguza. Pi-hole huzuia majina ya seva za matangazo na upelelezi pale runinga inapouliza anwani zake. Tatizo ni kwamba vifaa vingine havimuulizi uliyemweka, yaani Pi-hole. Vimeandikiwa tangu kiwandani wa kumuuliza. Unaweza kuvizuia kwenye ruta kama inaruhusu. Na mpira ukigoma kufunguka dakika tano kabla ya mechi, angalia kwanza kama Pi-hole haijazuia seva ya programu unayotazamia.