Sakafu baridi na mabomba yanayoganda: kuhami uvungu wa nyumba

Pole na baridi, ndugu. Nimekuelewa: sakafu haikanyagiki, mabomba ya uvunguni (ile nafasi kati ya sakafu na ardhi) yanaganda, na unauliza kama uzuie baridi kwa kujaza sufi ya kioo (fiberglass) katikati ya boriti za sakafu au kwa kuhami kuta za msingi.

Kabla ya kununua chochote, ingia uvunguni na tochi. Shika udongo. Ukiwa na unyevu, au ukiona chumvi nyeupe ukutani, shughulikia maji kwanza: mifereji ya paa imwage mbali, na ardhi ya nje iteremke kutoka kwenye nyumba. Kisha tandika nailoni nzito, angalau milimita 0.15. Vipande vipandane kama sentimita 30, viungio vibandikwe utepe, kingo zipande ukutani.

Kwa sababu ya hayo mabomba, mimi ningehami kuta. Ukihami sakafu peke yake, uvungu unazidi kuwa baridi na mabomba yataendelea kuganda. Bandika bodi za povu ngumu, ziba matundu ya hewa, na usiruke pale boriti zinapokalia msingi; upepo mwingi hupenyea hapo. Ukishaziba, weka mashine ya kupunguza unyevu. Sufi ya kioo uvunguni siipendi kabisa: ikilowa inaning'inia, na panya wanahamia.

Tahadhari: kama kuna hita ya gesi inayovuta hewa ya uvunguni, usizibe kitu kabla fundi wa gesi hajaikagua. Kaboni monoksidi haina harufu, na inaua. Pima pia radoni, gesi ya mionzi inayotoka ardhini, na uliza kanuni za ujenzi za kwenu, maana mara nyingi povu hutakiwa kufunikwa kuzuia moto.